Kijapani kwa Kinywa cha Kampala

Katika mji wa Kampala wako watu wengi ambao kila asubuhi, kabla hawajaamkiana na jirani, huamkiwa na sauti ya mwanamke kwa Kijapani fasaha, na wala hawajui alisemalo. Gari lililoshushwa bandari ya Mombasa, likapita Malaba na kuuzwa katika yadi za Nakawa, likiwashwa tu hunena: "Kādo ga sōnyū sarete imasen," maana yake kadi haijatiwa, nayo ni kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani, ambayo huku kwetu haina kazi yoyote. Dereva huizoea sauti hiyo hata asiisikie tena, na siku atakapoliuza gari atakuwa amesomewa maneno yale yale miaka na miaka bila ya kutanabahi kwamba alikuwa darasani.

Simfanyii mtu mzaha. Kwa mtu atakaye kujifunza Kijapani peke yake, sentensi ile ina faida kuliko kurasa nyingi za mwanzo wa vitabu, kwa kuwa umo ndani yake utaratibu wa lugha: "kādo" ni neno la kigeni lililovishwa irabu mwishoni kama tulivyolivisha sisi, "ga" ni kijineno kinachoifuata nomino ili kuitambulisha, kitenzi kimekuja nyuma ya yote, na mwishoni mwa kitenzi, katika "-masen", ndimo ulimo ukanushi. Mswahili akisema "haijatiwa" hukana tangu silabi ya kwanza, lakini Mjapani huliweka kanusho lake hadi pumzi ya mwisho, hivyo msikilizaji mwenye haraka, aliyezoea kumkatiza mwenziwe kabla hajatimiza kauli, hupitwa na jambo lenyewe.

Walakini kosa nilionalo kwa vijana wetu wanaoanza lugha hii si la sarufi, bali ni la njia wanayoipitia. Kwa kuwa elimu yetu imetujia kwa Kiingereza tangu shuleni, kijana huona ni lazima Kijapani nacho kimfikie kwa mlango huo huo. Basi huchukua kitabu alichoandikiwa Mmarekani, kikamtahadharisha kwa marefu na mapana juu ya irabu ambazo yeye amezaliwa nazo. Mwingereza akiliona neno "karaoke" hulitamka "karioki". Mswahili ambaye hajapata kumwona Mjapani hulisoma lilivyo, kwa sababu irabu za Kijapani ni hizi hizi tano zetu, na aghalabu kila silabi huishia kwa irabu. Mganda ana zaidi ya hayo. Kijapani hutofautisha "kite", njoo, na "kitte", stempu ya barua, kwa kuibana konsonanti kitambo kidogo kabla ya kuiachia; jambo hili humtaabisha Mzungu, na hata Mswahili wa pwani, lakini Mganda hulifanya kila siku asemapo "ttaka" au "kkapa". Kijapani hutofautisha pia "obasan", shangazi, na "obāsan", bibi, kwa urefu wa irabu tu, kama Kiganda kinavyotofautisha "okusiba", kufunga kwa kamba, na "okusiiba", kushinda mchana kutwa. Ama ile r na l ambayo watu wa pwani humcheka nayo Mganda, katika Kijapani sauti ni moja tu, iliyo baina ya hizo mbili, na anayechekwa Mombasa atasifiwa Osaka.

Najua wako watakaosema kwamba nchi iliyokitaja Kiswahili katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na ambayo hadi leo wengi katika mji wake mkuu hukiogopa kwa kukidhani ni lugha ya askari, haina wasaa wa Kijapani. Mimi naona kinyume chake: aliyekwisha kujifunza lugha moja kwa khiari yake, nje ya mtihani wa shule, ya pili haimtishi.

Basi, maadamu kinywa kimeshapata riziki yake, nguvu zielekezwe kwenye maandishi, na hapo hapana njia ya mkato. Herufi za msingi za hiragana ni 46, na za katakana kadhalika. Mwenye bidii huzihifadhi kwa majuma machache akiziandika kwa mkono katika daftari la shule, na akishazihifadhi na ayaache kabisa maandishi ya Kirumi, kwani hayo ndiyo yanayomrudisha kwenye Kiingereza. Katakana ndiyo ya maneno ya kigeni, na mazoezi yake yamo mle mle garini, katika kioo cha redio: "rajio", "terebi", "nabi". Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, ni habari nyingine. Orodha ya serikali ya Japani ya mwaka 2010 ina herufi 2,136, na mtoto wa Kijapani hupewa miaka sita ya shule ya msingi ajifunze 1,026. Kwa hiyo mtu mzima anayeuza spea katika soko la Kisekka mchana na kusoma usiku asione haya akishika tatu leo na kesho moja ikamtoka.

Vyombo havikosekani. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili bila malipo, na hilo pekee latosha kumwondolea mtu udhuru. Kadhalika Japan Foundation imekiweka kitabu chake cha Irodori katika intaneti bure, pamoja na sauti zake. Ndiyo maana nina shaka na madalali wanaowatoza vijana fedha za darasa huku wakiwaahidi kazi Tokyo. Kwa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, iliyoanza Aprili 2019, Japani kwa kawaida hutaka daraja la N4 la mtihani wa lugha ya Kijapani, au mtihani ulio sawa nalo, na daraja hilo hupatikana kwa kufaulu, si kwa risiti ya dalali. Nawe msomaji, usimpe mtu shilingi hata moja kwa ajili ya Kijapani mpaka uwe umemaliza hiragana na katakana kwa mkono wako. Ukishazimaliza, tafuta mwalimu wa kukusahihisha matamshi na adabu za kauli, na huyo mlipe haki yake bila ya kumwomba apunguze.