Madesa hayamjui Njoroge

Juzi nilimkuta binti yangu wa kidato cha tatu akikariri madesa ya Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1964. Dhamira saba, Kiingereza kinateleza! Nikamuuliza, "Njoroge ni nani?" Kimya. Kumbe kitabu chenyewe hajakigusa!

Tukakaa, tukakifungua wote. Mama yake Njoroge anamwambia ataanza shule, ila ajue hakuna chakula cha mchana, wao ni maskini. Binti akaniangalia. "Mama, kumbe ni kama sisi."

Nikamwambia hayo hayo ndiyo aandike. Kiingereza kikawa cha kukwamakwama, lakini chake mwenyewe. Jamani walimu, huyo naye mpeni maksi, asishindwe na kasuku!