Je crois si Naamini

Kama umewahi kukaa darasa la Kifaransa huku pwani ya kusini, jedwali hili unalijua. “Penser” ni “think”, yaani kufikiri. “Croire” ni “believe”, yaani kuamini. Nakili, meza, lipa ada ya mwezi ujao. Mimi nasema jedwali hilo ni bovu, na ubovu uko katikati, pale Kiingereza kilipokaa.

Twende polepole. Mgeni Mfaransa anakuuliza pale Diani kama kesho itanyesha. Ukimjibu “Je crois”, hujala kiapo. Umesema tu: nadhani. Lakini jedwali linadai umesema naamini, basi kijana wa Waa analiogopa neno, analiona zito, la msikitini. Anakimbilia “penser” kila mahali. Na “je pense que” mara nyingi ni maoni ya mtu aliyepima jambo. Asili yake ya Kilatini ni kupima uzito. Sisi hapo tungesema naona. Chakula kikimpendeza, Mfaransa atasema “Je trouve que c'est bon”. Naona ni kitamu. Kuona tena!

“Croire” lenyewe lina sura kadhaa. “Je te crois”: nakusadiki, maneno yako nimeyakubali. “Je crois en toi”: nina imani nawe. “Je crois que”: nadhani. Kiswahili kina dhani, sadiki, amini, ona, waza, fikiri, kila moja na kazi yake. Kwa nini tuyapitishe yote kwenye tundu mbili za Kiingereza cha shule?

Halafu kuna lile somo linalowatoa watu jasho, “subjonctif”. “Je crois qu'il viendra”, lakini “Je ne crois pas qu'il vienne”. Ukikanusha, kitenzi kinachofuata kinageuka. Kwa nini, mwalimu? Ndiyo kanuni. Kanuni gani, jameni? Nyanya yako anaijua na hajasoma Kifaransa hata siku moja. Nadhani kwamba atakuja. Sidhani kama atakuja. Umeiona “kwamba” ilivyogeuka “kama”? Shaka imeingia, sarufi imeipisha. Wafaransa wanaiweka kwenye kitenzi, sisi kwenye kiunganishi. Kwa Kiingereza sentensi hizo mbili hazibadiliki hivyo, ndiyo maana ukipitia huko unaona kama mazingaombwe.

Na mtu asiniambie haiwezekani. Mwaka 1891 padri Mfaransa Charles Sacleux alitoa kamusi ya Kifaransa kwa Kiswahili, na mwaka 1939 ikatoka Paris ile yake ya Kiswahili kwa Kifaransa. Lugha mbili, ana kwa ana. Goma, Bukavu na Lubumbashi watu wanaishi nazo zote mbili kila siku. Ukunda inashindikana vipi?

Niliacha chuo kikuu katikati, kwa hivyo sina cheti cha kumtisha mtu. Lakini nimekaa kwenye madawati hayo na nimeona nani anabaki na nani anatoka. Anayetoka ni yule aliyekua na Kidigo nyumbani na Kiswahili barabarani. Anaambiwa azivue mlangoni kama viatu, kisha anapimwa kwa lugha ya tatu ili apewe ya nne. Akikwama, eti hana kichwa cha lugha. Mtu ana lugha tatu kichwani! Kazi ya kuongoza wageni inaenda kwa aliyesoma shule ghali, na sisi tunaita hiyo bidii.

Mwalimu, futa safu ya katikati. Andika “croire” upande mmoja, upande wa pili andika nadhani, nasadiki, nina imani, halafu waachie wanafunzi wabishane lipi linakaa wapi. Hapo darasa litaanza kufikiri.