Wacheni Kununua Boti kwa Macho

Wasee wa Busia na Malaba, leo tuongee ukweli. Kila kijana mwenye ndoto ya boti ya kuzungusha wageni pale Port Victoria ananionyesha picha ileile: boti nyeupe, pua juu, injini mbili nyuma. Namuuliza, chini iko aje? Kimya.

Chini ndiyo boti, buda. Hizo zingine ni rangi.

Hiyo ya pua juu imeundwa ipande na kuteleza juu ya maji. Ikiwa nyepesi, poa. Sasa pakia watu kumi na mizigo yao: haipandi tena, inasukuma maji tu huku ikinywa petroli. Faida yote inaishia kwa tangi. Ni kama kununua Subaru ya mashindano ndio ubebe mahindi, na Probox iko.

Ya chini bapa nayo? Mto Sio au kinamasi cha Yala, sawa kabisa, kwa sababu haihitaji kina. Lakini itoe nje ya ghuba ya Berkeley alasiri, upepo ukishaamka. Mawimbi ya Ziwa Victoria ni mafupi na yanafuatana karibu karibu. Boti itapigwa makofi hadi misumari ilegee na abiria watapike.

Wavuvi wetu walishamaliza huu mjadala. Angalia ile mashua ndefu ya Sesse, yenye jina la visiwa vya Uganda: mkuku wa kushika njia, pua ya kukata wimbi, mwili mwembamba unaosukumwa na injini ndogo. Ya mita 9 inaenda vizuri kwa kilomita 12 hivi kwa saa. Ukilazimisha zaidi ya hapo, unachoma mafuta bure. Ati ni polepole? Mgeni amekuja kuona ziwa, si kulikimbia.

Kasoro iko: watu wakisimama upande mmoja, inayumba. Basi ipanue kidogo, watu wakae, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha. Unaogopa mbao kuoza? Badilisha mbao, usibadilishe umbo. Flipflopi iliundwa Lamu kwa taka za plastiki, na 2021 ikazunguka Ziwa Victoria ikiwa na umbo la jahazi la kale.

Pesa ya chama ni jasho la watu. Kabla ulipe, inama uangalie chini.

Unabisha? Tupatane Port Victoria saa tisa mchana. Wewe panda ile bapa.