Waasia wa Kenya au Wakenya wa Asili ya Asia? Rai Kuhusu Sarufi ya Uraia

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 2017 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba Waasia wa nchi hiyo wangetambuliwa kuwa kabila la 44. Miezi michache kabla ya hapo Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikuwa wamepewa nafasi ya 43. Nafasi hiyo haikuja bure: Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho. Washona walifuata Desemba 2020, na Wapemba waishio Kenya wakafuata mwaka 2023.

Walioshangilia walikuwa na sababu ya kushangilia, wala makala haya hayakusudii kuwabeza. Lakini mwaka 1950, katika mkutano wa hadhara uliofanyika Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wakoloni walimweka kizuizini kwa zaidi ya miaka 11. Ilikuwaje, basi, jamii ya mtu aliyeudai uhuru wa wote ingoje miaka 54 baada ya uhuru huo kupatikana ndipo ipewe namba katika orodha ya wenyeji?

Wanasheria na wanahistoria wamelijibu swali hili kwa njia zao. Sisi wa taaluma ya lugha tumelinyamazia, ilhali sehemu ya jibu imo katika sarufi tunayoifundisha. Rai yetu ni kwamba jina la jamii lenye sehemu mbili si kosa kwa lenyewe. Kosa hutokea pale neno la uraia linapofanywa mkia wa neno la asili, na pale ambapo raia wachache tu ndio wanaolazimishwa kuitaja asili yao.

2.0 Neno kuu ni lipi?

Katika Kiingereza cha Marekani ni kawaida kuunganisha kwa kistari jina la asili na jina la uraia. Jina la asili hutangulia na la uraia hufuata. Kwa kuwa katika lugha hiyo kivumishi hutangulia nomino, neno kuu ni lile la mwisho: anayetajwa ni Mmarekani kwanza, na asili yake ni sifa tu. Katika Kiswahili mpangilio ni kinyume. Neno kuu hutangulia, nalo ndilo linalotawala upatanisho wa kisarufi, vivumishi hulifuata. Mfasiri anayefuata mpangilio wa Kiingereza neno kwa neno na kuandika "Mwafrika-Mmarekani" amempindua mtu anayemtaja, kwani amemfanya Mwafrika ambaye Umarekani ni sifa yake ya pili. "Mmarekani Mweusi", neno lililozoeleka miongoni mwa wasemaji wetu, liko karibu zaidi na maana inayokusudiwa.

Tatizo hilohilo limo katika kirai kisicho na kistari. Katika "Waasia wa Kenya", neno kuu ni "Waasia", na Kenya imefungwa nyuma kwa kihusishi -a. Kihusishi hiki kina uwezo mkubwa na utata mkubwa pia. Huonyesha umilikaji, mahali, chanzo, hata shughuli. "Samaki wa Lamu" wamevuliwa Lamu, lakini "wafanyabiashara wa Lamu" huweza kuwa wenyeji wa huko au wageni wanaofanyia biashara zao huko. Hivyo "Waasia wa Kenya" huweza kuwa raia, na huweza pia kuwa wakazi tu waliomo Kenya. Sensa ya mwaka 2009 ilitenga fungu la Waasia wa Kenya na fungu jingine la Waasia wasio raia, na katika Kiswahili tofauti nzima kati ya mafungu hayo ilibebwa na silabi moja ya kihusishi. Huo ni mzigo mzito kwa silabi moja.

Msomaji na alinganishe sentensi mbili: "Mkenya wa asili ya Kisomali ameshinda tuzo" na "Msomali wa Kenya amekamatwa". Kisarufi zote mbili ni sahihi. Ajiulize, hata hivyo, ni lini kalamu yake mwenyewe huandika muundo wa kwanza, na ni lini huandika wa pili.

3.0 Asili ya nani hutajwa?

Kila binadamu ana asili. Katika vitabu vya historia tunavyosomesha, Wajaluo walishuka kutoka Sudan, na wasemaji wa lugha za Kibantu walitoka magharibi ya bara. Hata hivyo, hakuna amwandikaye Mjaluo "Mkenya wa asili ya Sudan". Mnubi wa Kibera, ambaye wazee wake waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari katika jeshi la Mwingereza, ameubeba mkia huo vizazi na vizazi. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi kwa jinsi ilivyowanyima uraia. Wote wawili wametoka Sudan. Mmoja huulizwa asili yake, na mwingine haulizwi.

Kwa hiyo neno "asili", kama linavyotumika katika majina ya jamii, halielezi jiografia. Linaeleza nani ana haki ya kutoulizwa. Ushahidi mwingine ni chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar, kilichoundwa mwaka 1957 kutokana na jumuiya ya Waafrika na jumuiya ya Washirazi. Shirazi ni mji wa Uajemi, ilhali waliojiita Washirazi walilitumia jina hilo kudai wenyeji wao wa visiwani. Tena kistari cha jina hilo kiliunganisha pande mbili zilizo sawa, na waliokiweka ni wenyewe. Jina la kujichagulia na jina la kupachikwa huweza kufanana kimaumbo, lakini hazifanyi kazi moja.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wamakonde wa Kwale walipewa jembe tangu siku ya kwanza. Walicholima vizazi kadhaa bila kukipata ni kitambulisho.

4.0 Pingamizi

Huenda wenzetu wakasema kwamba dawa ni kuyafuta majina haya yote, na kila mtu aitwe Mkenya au Mtanzania, basi. Hoja hii ina uzito. Oktoba 1961, katika Bunge la Tanganyika, Julius Nyerere alipinga vikali rai ya kuufunga uraia kwa msingi wa rangi, na sensa za Tanzania zimeacha kuuliza kabila baada ya ile ya mwaka 1967. Lakini kutouliza katika fomu hakukuliondoa neno "Mhindi" sokoni. Isitoshe, jamii isiyotajwa popote huweza kusahaulika kwa urahisi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali kuzisaidia jamii ndogo na zilizotengwa, zitasaidiwaje zisipotajwa?

Kwa upande wa pili, kutajwa nako kuna hatari yake. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walichujwa na kupewa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha kuwa ni raia. Uchunguzi wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa kaskazini uliendelea hadi Rais William Ruto alipotangaza kuufuta mwezi Februari 2025. Orodha inayomkinga mtu leo ndiyo iwezayo kutumiwa kumchuja kesho.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, uraia unapohusika, neno la uraia liwe neno kuu: "Mkenya wa asili ya Asia". Pili, asili itajwe tu pale inapohitajika kwa hoja iliyopo, na ikitajwa kwa mmoja itajwe kwa wote. Tatu, jina la jamii liwe lile ambalo jamii yenyewe imelichagua.

Katika sensa ya mwaka 2009, zaidi ya watu laki sita walipoulizwa kabila lao walijibu kwamba wao ni Wakenya. Hatuwezi kujua nia ya kila mmoja wao, ila jibu lao ni kirai cha neno moja, kisicho na kihusishi wala mkia. Sisi tunaotunga kamusi, tunaofasiri habari na kusahihisha tasnifu hatuna mamlaka ya kumpa mtu uraia. Tunayo, hata hivyo, mamlaka juu ya mpangilio wa maneno, na hapana budi tuyatumie kwa haki.