Dawa ya Usingizi Haiachwi kwa Siku Moja

Kila inapokaribia Ramadhani huulizwa swali hili: mtu aliyezoea kunywa dawa ya usingizi kila usiku kwa miaka mingi, je, aitupe ili aingie mwezi mtukufu bila ya kuitegemea? Wapo wanaomjibu kwa haraka: "Itupe, mtegemee Allah." Nia yao ni njema, lakini jibu hilo laweza kumuua mtu.

Dawa inayojulikana zaidi katika kundi hili ni diazepamu, ambayo kampuni ya Roche iliingiza sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium. Ina manufaa yake; hospitalini hutumika hata kuzuia degedege. Tatizo ni kuifanya ya kila usiku. Tangu mwaka 1988 madaktari wa Uingereza walishauriwa wasiitoe kwa zaidi ya wiki nne. Lakini hapa kwetu Kibiti na Rufiji, watu wamepita katika mauaji ya miaka ya 2016 na 2017, kisha mafuriko ya mwaka 2024. Aliyekosa usingizi katika nyakati hizo akapewa vidonge vya siku chache, ni rahisi kuendelea kuvinunua mwenyewe mpaka miaka ikapita.

Ndugu Waislamu, tufahamu kinachotokea mwilini. Ubongo una njia yake ya kujituliza, na dawa hii huipa nguvu njia hiyo. Ikitumika kwa muda mrefu, ubongo huizoea na kupunguza utulivu wake wenyewe. Ikiondolewa ghafla, mtu hukosa usingizi kuliko mwanzo, hushikwa na hofu, hutoka jasho na kutetemeka. Baadhi hupatwa na degedege linaloweza kuondoa uhai. Hapo ndipo majirani husema amepandwa na jini. Kumsomea mgonjwa si vibaya, lakini mwenye degedege apelekwe hospitali kwanza, na daktari aambiwe ni dawa gani iliyokatizwa.

Sharia yenyewe imetufundisha tadriji. Ulevi haukukatazwa kwa siku moja. Wanazuoni wanatuonesha hatua zake katika Surat An-Nahl aya ya 67, Al-Baqara 219, An-Nisaa 43, kisha katazo la mwisho katika Al-Maida 90. Dawa aliyoandika daktari si pombe, na mgonjwa si mlevi. Ila hekima ni ile ile: kilichozoeleka kwa muda mrefu huondolewa hatua kwa hatua. Na tawakkul haipingani na kuchukua sababu, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee.

Hatua hizo ziweje? Mwongozo uliotolewa na madaktari wa Marekani mwaka 2025 unapendekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa kawaida isizidi asilimia 25 kwa wiki mbili. Pimeni wenyewe: anayekunywa kidonge kimoja cha miligramu 5 akikikata nusu, amepunguza asilimia 50 kwa usiku mmoja. Anadhani anakwenda polepole, kumbe anakimbia. Kwa hiyo daktari ndiye apange, kwani vipo vidonge vidogo vya miligramu 2, na kasi hutofautiana baina ya mtu na mtu. Kazi hii huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka.

Ama Ramadhani, haimlazimishi mtu kukatiza. Diazepamu hukaa mwilini kwa zaidi ya siku nzima, na dozi ya usiku hunywewa baada ya futari bila ya kugusa saumu. Anayekunywa na mchana amuulize daktari kabla ya mwezi kuandama. Ikiwa kufunga kutamdhuru, ruhusa ya mgonjwa imo katika Qur'an.

Kwa ndugu zetu wa Salale, Mbwera na Kiongoroni lipo jambo la ziada. Huko safari ya boti husubiri maji, na dawa ikiisha maji yakiwa yamekupwa, mtu huachishwa ghafla bila ya kutaka. Asingoje kidonge cha mwisho ndipo aanze safari ya Nyamisati. Na asichanganye dawa hii na pombe wala tramadoli, kwani mchanganyiko huo huweza kuzima pumzi.

Tunawaomba maimamu wasitoe fatwa ya kutupa dawa kabla ya kumuuliza tabibu, maana Qur'an imetuamuru kuwauliza wenye ujuzi. Tunawaomba wenye maduka ya dawa wasiuze dawa hii bila ya cheti cha daktari. Nasi waumini, tumsindikize ndugu yetu kliniki, tumjulie hali katika usiku wake mgumu, wala tusimwite dhaifu wa imani. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awape usingizi wa amani. Amin.