Paa Moja, Wenye Nyumba Wawili

Kila mwaka masika yanapokaribia, malalamiko ya aina moja hutufikia. Nyumba ni moja, wenyewe ni wawili au watatu, paa limechakaa, na hakuna aliye tayari kuwa wa kwanza kutoa fedha. Mwenye vyumba vya mbele husema bati linavuja upande wa nyuma, basi wa nyuma ajitengenezee. Katika nyumba ya ghorofa, mwenye chini husema paa ni la wa juu, na wa juu hujibu kwamba msingi ukititia yeye hahusiki. Kila mmoja ana hoja yake, na wakati hoja zikibishana maji yanaendelea kuingia ukutani.

Wengi hulidhani jambo hili kuwa ugomvi mdogo wa majirani, wa kumalizwa na mwenyekiti wa mtaa jioni moja. Sisi hatulioni hivyo. Tunathubutu kusema kwamba gharama ya matengenezo makubwa imekuwa mojawapo ya njia za kimya ambazo mwenye nacho humnyang'anya asiye nacho sehemu yake ya nyumba, bila panga, bila hati ya kughushi, na pengine bila yeye mwenyewe kutambua kwamba anadhulumu.

Tuchukue mfano. Baba ameacha nyumba ya vyumba sita mjini, ile yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Warithi walikuwa watatu kwa hisa sawa: kaka mkubwa mwenye biashara, dada aliyeolewa mbali, na mjane wa mdogo wao, ambaye anakaa humo na watoto wake. Dada amemwuzia kaka hisa yake. Kwa hiyo wenye nyumba sasa ni wawili, kaka mwenye theluthi mbili na mjane mwenye theluthi moja. Paa linaoza. Kaka haiti kikao, anamwita fundi. Anang'oa mabati yote, anabadili kenchi zilizoliwa na mchwa, anaziba nyufa za ukuta; na kwa kuwa fundi yuko kazini, anaweka pia dari ya jipsamu, vigae sakafuni na madirisha ya alumini. Jumla ni shilingi 15,000,000. Kazi ikiisha anamletea shemeji yake karatasi: tu wenye nyumba wawili, nusu yako ni 7,500,000, na kama huna, basi vyumba vyako viwili vitalipa deni. Mjane hana la kujibu. Paa ni zuri kweli, na yeye analala chini yake.

Ndugu msomaji, tuihesabu tena karatasi ile.

Kwanza, humo mna mambo mawili yaliyochanganywa. Kuna matengenezo ya kuiokoa nyumba, na kuna mapambo. Kenchi zilizoliwa, ukuta uliopasuka kutoka lenta hadi msingi, shimo la choo linalotitia, nyaya za umeme zilizoungua, hayo hayana hiari. Kila mwenye hisa anayadaiwa, hata yule anayeishi mkoa mwingine na hajakanyaga uani kwa miaka kumi. Lakini vigae na jipsamu si deni la mtu ambaye hakuulizwa. Swali la kumwuliza fundi ni jepesi: tukiiacha kazi hii, nyumba itaharibika, au itabaki kama ilivyo? Tuseme kati ya zile milioni 15, za kuiokoa nyumba zilikuwa 9,000,000. Zile sita nyingine ni za kaka, pamoja na uzuri wake.

Pili ni kipimo cha kugawana. Kugawa kwa vichwa huonekana kuwa ni usawa, kumbe ni kumtoza mwenye theluthi moja fedha za mwenye theluthi mbili. Mzigo ufuate hisa, kama faida ifuatavyo hisa siku nyumba inapouzwa. Basi kati ya milioni 9, kaka anadaiwa 6,000,000 na mjane 3,000,000.

Tatu, nani amekula nini? Upande wa mbele kuna chumba cha duka ambacho hakijagawanywa. Kaka amekipangisha kwa shilingi 100,000 kwa mwezi, na kwa miaka miwili kodi yote imeingia mfukoni mwake. Hizo ni 2,400,000, na theluthi ya mjane ni 800,000. Zitolewe. Deni halisi la mjane ni 2,200,000. Tulianza na milioni saba na nusu, na mtu alikuwa karibu kupoteza vyumba viwili.

Kuna jambo moja zaidi linaloweza kuibadili hesabu, nalo ni chanzo cha uharibifu. Tangi la maji la lita 5,000 likijaa ni tani tano. Aliyelipandisha juu ya zege ambalo halikujengwa kwa mzigo huo, kisha zege likapasuka, asije na daftari la michango kwa mwenye chini. Yeye na alipe kwanza.

Hata hivyo hatutaki mtu ajifiche nyuma ya mfano wetu. Mjane wetu anadaiwa, na umaskini wake haulifuti deni. Tena yuko mwenye hisa wa aina nyingine, aliye na uwezo, ambaye hukaa kimya akijua kwamba jirani yake hawezi kuvumilia mvua inayomdondokea kitandani, na kwamba mwishowe atatengeneza peke yake. Huyo naye ni mdhulumu, ingawa hajamwandikia mtu karatasi yoyote. Sura ya tatu ya Kitabu cha Nehemia ni orodha ya watu walioujenga upya ukuta wa Yerusalemu, baadhi yao mbele ya nyumba zao wenyewe, na haikuacha kuwataja wakubwa wa Tekoa ambao hawakutaka kuitia mikono yao katika kazi.

Kuchelewa nako kuna gharama. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja wanajua jinsi paa linalovuja linavyoua nyumba za mawe: maji hushuka ndani ya ukuta, chokaa iliyoshika mawe hulegea, boriti za mikoko huoza pale zinapoingia ukutani, na siku moja upande mzima hushuka. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Jumba hilo lilikuwa mikononi mwa mwenye mmoja tu, Serikali. Nyumba yenye wenyewe watano wasiosemezana itasubiri nini?

Sheria za Tanzania Bara si bubu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 hutambua miliki za watu wengi za namna mbili: ile ambayo mmoja akifa sehemu yake huwaendea wenzake walio hai, na ile ambayo kila mmoja ana hisa yake, nayo huwaendea warithi wake. Mwenye hisa ya namna hii ya pili haruhusiwi kuihamishia kwa mtu wa nje bila idhini ya wenzake kwa maandishi, ingawa nao hawaruhusiwi kumkatalia bila sababu ya maana. Kwa majengo yaliyogawanywa sehemu sehemu, hasa maghorofa, ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, ambayo huwataka wenye sehemu wawe na chama chao na kuchangia utunzaji wa yale yaliyo ya wote. Hatujaona katika sheria hizo mahali panapomruhusu mtu kuigeuza risiti ya fundi kuwa hati ya chumba cha mwenzake.

Basi mjane alipeje? Chumba chake kimoja kinaweza kupangishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kaka na apokee kodi hiyo kwa miezi 44, deni la 2,200,000 litakuwa limekwisha, na chumba kitarudi kwa mwenyewe. Ni chini ya miaka minne. Kaka atanung'unika kwamba fedha yake imekaa nje muda mrefu, na manung'uniko hayo tunayaelewa. Lakini alipoanza kazi bila kumwita mwenzake kikaoni, alijichagulia mwenyewe kungoja.

Kwa wale ambao bado hawajang'oa bati hata moja, kikao kitangulie. Makadirio yatoke kwa mafundi wawili, si mmoja, na kazi za kuokoa ziandikwe mbali na za kupamba. Kila mmoja aandike hisa yake, kiasi chake na tarehe zake za kulipa, watie sahihi mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala, hata asiyejua kusoma, ambaye asomewe kwanza mbele ya mtu anayemwamini yeye, si anayeaminiwa na mdai. Risiti zote zitunzwe. Wakishindwana, waende Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kuhukumu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko zile risiti zitakakotakiwa.