Homa ya Kupe si Ugonjwa Mmoja

Paka wetu aliposusa chakula na ufizi wake kupauka, nilimwendea muuza dawa za mifugo. "Hiyo ni homa ya kupe," akatamka bila kumwona mnyama, akanikabidhi tetrasaiklini.

Kazi yangu ni lugha, si tiba. Hata hivyo nashikilia kwamba jina hilo linaua. Wafugaji wa ng'ombe walikwisha kutenga ndigana kali na ndigana baridi, kwani dawa ya hii haiponyi ile. Paka hakubahatika kupata istilahi kama hizo. Akiugua Ehrlichia, ambayo ni bakteria, doksisaiklini humfaa. Lakini Babesia felis, iliyochunguzwa sana Afrika Kusini na inayodhaniwa kuenezwa na kupe, ni kimelea kinachoharibu chembe nyekundu za damu. Doksisaiklini haikiangamizi. Dawa itumiwayo ni primakwini, nayo ikizidi kidogo tu humuua paka mwenyewe. Tena paka huweza kupungukiwa damu kwa sababu ya viroboto, kupe asihusike kamwe!

Ndiyo maana yatupasa kudai kipimo kabla ya sindano: tone la damu lipakwe kwenye kioo, litiwe rangi, litazamwe kwa hadubini. Walimu wa bayolojia hawahitaji kuelezwa jambo hili. Sisi wengine hutosheka na jina.

Wetu alifikishwa kwa daktari siku ya nne. Damu ilipopimwa, hakuwa na nguvu hata ya kulia.